Mkarafuu wa Mahari Kwenye Ramani Yangu

"Sikusema cheti kitanilisha kesho, mama. Nimesema kitanifungulia mlango. Hayo ni mambo mawili."

Mama hakunyanyua uso. Alikuwa kakaa mkekani, anashona kwa mkono kingo za gauni la buluu la mteja ili nyuzi zisichopoke, sindano inaingia inatoka kama haina habari na ugomvi wetu.

"Mlango gani?" akasema. "Mwenzio wa nyuma ya msikiti ana cheti cha kompyuta. Kakitia fremu, kakitundika juu ya ndoo ya unga wa vitumbua. Mlango aloufungua ni wa jikoni."

"Yule kasoma kompyuta. Mie nataka jiografia."

"Jiografia! Pemba unaijua, Unguja unaijua, Makka unaijua iko wapi, unaielekea mara tano kwa siku. Unataka ujue kipi tena?"

Bibi, mamake mama, alikuwa kalala kwenye kitanda cha kamba pale mlangoni, akacheka mpaka akakohoa. Mie sikucheka. Nilikuwa na haraka, na mtu mwenye haraka hachekeshwi.

Hiyo ilikuwa Jumamosi, nyumbani kwetu Jadida, karafuu zimekwisha kuuzwa. Msimu mzima nilikuwa nakwenda shamba la bibi, nje kidogo ya Wete, nachuma matawi ya chini, jioni nachambua na wenzangu, vidole vyeusi na harufu haitoki hata kwa sabuni ya kufulia. Pesa zangu alikuwa nazo mama ndani ya kasha lake. Na makubaliano yetu yalikuwa wazi tangu kabla ya msimu: zitanunua ovaloki, ile mashine inayoziba kingo za nguo. Mama ana cherehani ya kawaida tu, na wateja siku hizi wakishapindua gauni wakiona kingo za mkono wanasema "Haya Bi, ntarudi," wasirudi. Idd ilikuwa inakuja. Ovaloki ilikuwa inangojwa kama mgeni.

Kisha nikaona tangazo kwenye ukuta wa duka la steshenari. Cheti cha jiografia na utengenezaji wa ramani, miezi sita, Chake, siku tatu kwa wiki. Fomu zirudishwe huko huko, mwisho Alhamisi. Ada yake ilikuwa bei ya ovaloki na kidogo juu. Nilisoma tangazo lile mara nne nimesimama, mpaka muuzaji akaniuliza, "Dada, unanunua au unahifadhi?"

Jiografia ndilo somo pekee nililofaulu vizuri kidato cha nne. Mengine tuyaache. Mwalimu wetu alikuwa akichora kisiwa chetu ubaoni kwa mkono mmoja, bila kuangalia kitabu, ghuba moja baada ya nyengine, na mie nilikuwa naona kama anakichora ili niingie ndani. Toka nimemaliza shule nilikuwa nakaa nyumbani, nachambua karafuu, nakatia mama nyuzi, na nikiulizwa nafanya nini nasema "Nipo tu." Neno hilo nililichoka kuliko muhogo.

Usiku wa Jumamosi ile nikachukua daftari, nikapiga mstari katikati. Kushoto nikaandika ovaloki. Inaanza kuleta pesa siku ya kwanza. Mama anapumzika macho. Haihitaji nauli. Kulia nikaandika cheti. Kazi. Kujua kitu. Kuheshimiwa. Kisha nikalitazama hilo la tatu, nikaona haya peke yangu, nikalifuta. Yakabaki mawili kulia na matatu kushoto. Nikafunga daftari kwa hasira, kama daftari ndilo lililokosa.

*

Jumatatu nikamwendea dada mmoja aliyesoma shule yetu miaka mingi kabla yangu, sasa yuko ofisi ya ardhi hapa mjini, upande wa ramani. Nilimkuta anakunywa chai, meza yake imejaa karatasi ndefu zilizokunjwa kama majamvi. Nikamwambia shida yangu yote bila kuvuta pumzi: cheti, ovaloki, mama, Alhamisi.

"Kaa kwanza," akasema. "Chapati?"

"Sitaki chapati, dada, nataka jibu."

"Basi kula chapati upate jibu." Akanisogezea sahani. "Ntakwambia ukweli kwa sababu mie hakuna alonambia. Cheti hicho hakikufanyi mpima ardhi. Mpima kasoma miaka. Weye utakuwa mtu wa ramani. Unakwenda porini unakusanya alama, unarudi unachora. Na kazi yenyewe inakuja vipande vipande. Ukija mradi wa mikoko unaitwa, ukija wa mabomba ya maji unaitwa. Mradi ukisha unarudi kwenu ukale muhogo wa mamako."

Moyo ukanishuka mpaka kwenye kandambili. "Kwa hiyo hakina maana?"

"Nimesema hivyo? Na mbio zako hizo! Sikiliza. Mie kabla ya cheti nilikaa miaka miwili nashika fimbo. Unaijua fimbo ya kupimia? Mpima kasimama kule kivulini, na mashine yake ya miguu mitatu. Mie niko huku juani, nimeshika fimbo wima, nisitikisike. Baada ya mwaka mmoja ile mashine nishaijua, nimemuangalia kila siku. Nikamwambia, baba, leo niachie mie. Akanambia, cheti kiko wapi? Nikaendelea na fimbo. Siku niliyoleta cheti akanipa mashine. Mashine ile ile, na mie yule yule."

Akafuta vidole kwenye leso.

"Sasa swali lako si kama cheti kinalipa. Kinalipa kidogo, tena polepole. Swali lako ni kama unaipenda hasa kazi au unapenda jina la kazi. Simu yako ina ramani?"

"Ina."

"Tia programu ya kuchorea, zipo za bure, ukitembea nayo inachora mstari unapopita. Mchukue mtu unayemjua na shamba unalolijua. Chora. Ukirudi umechoka, una matope, na bado unataka kurudi tena, peleka fomu. Ukiona tabu, nunua ovaloki na mie nitakuwa mteja wako wa kwanza."

Nilitoka pale karibu nakimbia. Hata shukurani nilizisemea mlangoni.

*

Jumanne asubuhi nikamuamsha bibi.

"Bibi, twende shamba. Unioneshe mipaka."

"Mipaka imekimbia?"

"Nataka kuichora."

Bibi hakuuliza zaidi. Yeye ukimwambia twende shamba, hata kama kuna mvua ya mawe, ashajifunga kanga ya pili kiunoni. Tukafika, umande bado uko kwenye majani, nikawasha programu, nikamwambia, "Bibi, weye tangulia mbele. Niambie tu shamba lako linaishia wapi. Mie nafuata na simu."

Akatangulia. Bibi anatembea shambani kama mtu anayepita ndani ya nyumba yake gizani, haangalii chini. Jiwe lenye tundu, hapa ndipo. Mnazi uliopigwa na radi, hapa ndipo. Kijito, tunafuata kijito mpaka kinapokunja. Kwenye simu mstari ulikuwa unakua nyuma yangu, mwembamba, mwekundu, na mie nilikuwa nauona kwa raha ambayo sikuitegemea. Kila tukikunja kona na mstari ukakunja na sie, nilitaka kupiga kelele.

Tabu ilikuwa moja tu. Bibi anapenda kusimama. Kila mti una habari yake. Huu mamake aliupanda ana mimba ya nani. Ule nusura umuue mjomba, tawi lilikatika. Simu yangu ni kongwe, chaji inashuka ukiitazama tu, na mie nikawa namkimbiza.

"Bibi, tusisimame."

Tukafika karibu na kijito, chini ya mkarafuu mmoja mkubwa, shina lake limejikunja kidogo kama mtu anayeegemea mlango. Bibi akauwekea mkono. Akaanza, "Mkarafuu huu, mwanangu, siku ile kakangu anataka kuoa..."

"Bibi! Mpaka, bibi, mpaka! Chaji imebaki kidogo!"

Akaniangalia. Akaondoa mkono kwenye mti. "Haya," akasema, "mpaka." Akaendelea mbele kimya, na mie nikaona nimeshinda.

Tulipomaliza simu ilikuwa na pumzi mbili za mwisho. Nilikuwa na matope mpaka magotini, mikono imechanwa na miba, na nilitaka kurudi tena siku hiyo hiyo. Nikajua jibu la dada wa ramani nishalipata.

Mchana nikaenda kwenye lile duka la steshenari, tukahamisha mchoro kwenye kompyuta, nikauweka rangi ya kijani ndani yote, kijani cha kukoza. Shamba likatoka kama kiatu kilichokanyagwa na gari, lakini lilikuwa shamba letu. Juu nikaandika kwa herufi kubwa: SHAMBA LA BIBI NA MIKARAFUU YAKE YOTE. Nikalipia karatasi ya rangi. Njia nzima nilibeba karatasi ile kwa mikono miwili kama sahani ya mchuzi.

Mama akaitazama muda mrefu. Akaigeuza, akaiweka sawa.

"Hapa ndipo kijito?"

"Ndipo."

"Na huu mnazi wa radi?"

"Ndio huo."

"Kazuri," akasema. Nikashika pumzi. "Lakini hakashoni kingo."

Hata hivyo aliibandika ukutani mwenyewe, kwa pini zake za kushonea, nne, kila kona moja. Mama pini zake hazitoi ovyo. Nikalala na hilo.

*

Jumatano baada ya alasiri akaja mwenye gauni la buluu.

Lazima nimueleze. Sie tunamwita bibi wa ng'ambo, kwa sababu anakaa ng'ambo ya kile kijito. Aliolewa na kakake bibi, ambaye sasa ni marehemu, kwa hiyo yeye na bibi ni mawifi. Na mawifi hawa toka ujana wao hawajasemezana sentensi moja bila kuchomana. Wasipochomana siku mbili, mmoja anatuma mtu kuuliza mwenziwe kama anaumwa.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu wifi," bibi akaitikia kutoka kitandani. "Nlisema leo kutanyesha, kumbe ni weye."

"Nimekuja kuchukua gauni langu nipendeze. Weye huna haja, hakuna anayekuangalia."

Nikamsalimia shikamoo, akanijibu marahaba mwanangu, akanipa mkono niubusu, akakaa. Kisha macho yake yakapanda ukutani. Bibi wa ng'ambo alisoma kwenye darasa la watu wazima, na toka ajue kusoma hapitwi na herufi, hata mfuko wa saruji anausoma. Akasimama, akaisogelea ramani yangu, akatia kidole.

"Sha-mba la bi-bi. Hee, mashaallah. Na mi-ka-ra-fu-u ya-ke yo-te." Kidole kikasita. "Yote?"

"Ndiyo bibi," nikasema kwa fahari, mjinga mie. "Nimechora mwenyewe."

"Hiki ni kijito?"

"Ndiyo."

"Na hapa pembeni, pako kijani vilevile?"

"Ndiyo, ni ndani ya mpaka."

Akageuka. Akafungua mtandio, akaufunga tena kiunoni. Nyumbani kwetu mwanamke akifunga mtandio kiunoni, watoto wanaondoa vikombe.

"Wifi," akasema, "mahari yangu umeimeza?"

"Niimeze mie sina meno?"

"Kumeza kunataka meno? Wamemeza wengi bila meno!" Akanigeukia mie. "Mkarafuu ule wa kijitoni, uloinama, wa nani?"

Nikamtazama bibi. Bibi akatazama dari.

"Wa... wa bibi," nikasema.

"Wa bibi! Kakake huyu alinioa kwa mkarafuu ule! Hakuwa na pesa, hakuwa na nyumba, alikuwa na mkarafuu. Watu wakaniuliza, mwanamke unakubali mti? Nikasema nakubali. Mashahidi wakaandika, shehe akasoma. Ardhi ya wifi, mti wangu. Miaka yote hii nauchuma mie, naupalilia mie, ukianguka ntalia mie. Leo mtoto wa juzi kaja na simu, mahari yangu kaitia rangi ya kijani, kaifunga ndani ya mfuko wa wifi!"

Sasa ndipo nilipoelewa nimefanya nini. Nilikulia hapa, nimechuma hapa, na nilijua tangu mdogo kwamba ardhi inaweza kuwa ya mtu na mti uliosimama juu yake ukawa wa mtu mwengine. Kila mtu anajua. Lakini nilipowasha simu, simu ilinionesha mstari tu, na ndani ya mstari rangi moja, na mie nikaifuata simu nikaacha ninachokijua.

"Bibi," nikasema, "mbona hukunambia?"

"Uliniuliza shamba linaishia wapi, nikakwambia," bibi akasema taratibu. "Miti hukuniuliza. Nlitaka kukwambia mwenyewe pale kijitoni, ukanambia chaji."

Bibi wa ng'ambo alikuwa hajamaliza. Akaniwekea kidole mbele ya pua. "Na nani kakupa ruhusa ya kuchora mali za watu? Una cheti weye?"

Kabla sijafungua mdomo, mama akasimama. Gauni la buluu bado liko mkononi, sindano inaning'inia kwenye uzi.

"Leo hana," mama akasema. "Atakuwa nacho."

Hata bibi aliinuka akakaa. Mama mwenyewe alikuwa kama mtu aliyesikia sauti yake inatoka chumba chengine.

"Lini?" bibi wa ng'ambo akauliza.

"Fomu inarudi kesho."

Bibi wa ng'ambo akatutazama mmoja mmoja. Kisha akafungua mtandio kiunoni, akaurudisha kichwani, akakaa.

"Basi kama atakuwa nacho, ni jambo jengine," akasema, sauti imeshuka nusu nzima. "Mie nina miti kwenye mashamba matatu ya watu. Moja hili la wifi, na mengine kule juu. Wanangu hawajui hata mmoja. Nikiwaambia wanasema, mama tutajua baadaye. Baadaye lini, mie nikishalala? Akipata hicho cheti aje aniandikie kila mti, na jina langu chini yake, lionekane."

"Lionekane kwa miwani," bibi akasema. "Jina lako refu, mti utafunikwa."

"Bora ufunikwe na jina kuliko kijani chako!"

Wakacheka wote wawili, ugomvi umekwisha kama haukuwepo, na wakadai chai.

*

Lakini gauni lilikuwa bado. Bibi wa ng'ambo akalijaribu, akainua mkono, na pale kwapani uzi mmoja ukachopoka. Akauvuta. Ukaja mrefu, ukaja tena. Kwa heshima ya mama, akavua tu akalikunja. Mama akalipokea, akasema "Ntalirudia, uje kesho kutwa." Kisha akanitazama mie. Hakunitazama kwa ubaya. Ndiyo maana iliniuma.

Mgeni alipoondoka nikakaa karibu naye mkekani.

"Mama. Kama umesema kwa hasira, sikushiki kwenye neno lako. Tununue ovaloki. Nimeuona ule uzi."

"Nimesema kwa hasira," mama akasema, "na nimesema kweli. Vyote viwili mtu anaviweza."

Akatia uzi mpya kwenye sindano, akakosa tundu mara mbili, nikamtilia mie.

"Hapo nyuma," akasema, "weye hujaanza shule, walitafuta mtu wa kushona sare za skuli hapa mjini. Nikapeleka shati na sketi nilizoshona mwenyewe. Yule mzee akazigeuza ndani nje, akasema kazi safi, Bi, tena safi sana. Kisha akauliza cheti cha ushoni kiko wapi. Nikamwambia nimefundishwa na mamangu. Akazikunja akanirudishia. Kazi akapewa mwengine, na mwengine huyo alikuja kwangu kuniuliza vipi anakata kola." Akacheka, ila si kicheko chake cha kawaida. "Leo nilipomsikia mke wa mjomba anakwambia una cheti weye, nikaona naulizwa mie tena."

Sikuwa nimewahi kulisikia hilo. Miaka yote nimekatia nyuzi mwanamke huyu, na sikujua na yeye aliwahi kushikishwa fimbo juani.

"Na ovaloki?" nikauliza.

"Ovaloki itasubiri msimu mwengine. Weye ndiye utakuwa ovaloki. Siku tatu Chake, siku nne hapa mkekani na mie, sindano mkononi, mpaka msimu uje. Kingo zote. Bila kusema chaji imekwisha."

Mie kushona kwa mkono nakuchukia kuliko kitu chochote kilichoumbwa. Kunaenda polepole mno. Nikasema ndiyo kabla sijafikiri, kisha nikafikiri, nikasema ndiyo tena.

"Tena," bibi akasema kutoka mlangoni, "mamako hana njia ya kurudi nyuma. Kashasema mbele ya wifi yangu. Akirudi nyuma tutachekwa mpaka Idd mosi."

"Hilo nalo," mama akasema.

Nikachomoa pini nne ukutani, nikamrudishia mama moja moja, nikaishusha ramani. Kwa kalamu ya risasi nikatia nukta ndogo pale kijitoni, mahala ambapo nilidhani mti umesimama. Nikaitazama. Sikuwa na hakika. Ningeweza kuukosea kwa hatua kumi, na hatua kumi kwa bibi wa ng'ambo ni vita nyengine. Nikaifuta nukta.

Daftari langu nililifungua tena, ukurasa ule wenye mstari katikati. Upande wa kulia, pale nilipofuta neno kuheshimiwa, nikaandika: mkarafuu wa kijitoni, wa bibi wa ng'ambo, mahari. Ndiyo alama ya kwanza niliyoikusanya, na niliipata baada ya kumkatiza aliyekuwa ananipa bure.

Kisha nikaamua. Kesho asubuhi nikishaswali nitatia simu chaji mpaka ijae kabisa. Nitawapitia mabibi wote wawili, hata kama watachomana njia nzima, na nitakwenda nao mpaka kijitoni. Nitasimama chini ya ule mti ulioinama, simu mfukoni, na nitamwambia bibi aanze pale nilipomkatiza, siku ile kakake anataka kuoa, amalize mpaka mwisho. Akimaliza ndipo nitaitoa simu na kuuliza mti uko wapi hasa. Gari la kwanza la Chake likiniacha, liniache. Fomu nitaipeleka kwa la pili.